Mke wa Syombua

Syombua wa Kanyangi hakujaliwa kuzaa. Mumewe Nthiwa alipokufa bila kuacha mtoto, alifanya walivyofanya wajane wa Kikamba tangu zamani: alipeleka mbuzi wa mahari kijiji cha Mbumbuni, akaoa. Msichana aliitwa Mutindi. Alikuja kama iweto, mke wa mwanamke, azae na mwanamume mwingine watoto wa kubeba jina la marehemu. Akazaa wawili, Nthiwa mdogo na Kavindu, nao wakamwita Syombua susu, yaani nyanya. Kwa miaka kumi na mmoja nyumba ile haikukosa kelele, mpaka Syombua akasahau ukimya unavyokuwa.

Kisha akaokoka. Hakuna aliyemlazimisha, wimbo tu ulimshika moyo kwenye mazishi ya jirani, akalia, akasimama mbele za watu. Aliingia darasa la ubatizo akiwa na miaka sitini na minane. Darasa lilipokaribia kwisha, Mchungaji Mulinge alimwita kando akamwambia kwa upole kwamba limebaki jambo moja. Ndoa ile ya kimila haiwezi kuingia naye majini. Achague.

Syombua hakuchagua kwa pupa, hilo lazima lisemwe. Alifunga siku tatu. Aliwauliza kina mama wa ushirika, akawauliza mashemeji zake, akamwendea hata Kalunde, ajuza aliyebatizwa kabla yao wote. Kalunde alipepeta ndengu zake kwa muda mrefu, ndipo akasema, "Mungu hana haraka nawe, Syombua. Haraka hii ni ya nani?"

Neno hilo lilimkaa moyoni, lakini siku ya ubatizo ilikuwa imeshatangazwa. Aliuliza watu wote isipokuwa Mutindi.

Mutindi alipoambiwa arudi kwao na watoto, hakubisha. Alianua nguo za watoto zikiwa bado na unyevu, akazikunja moja moja. Kisha akasema, "Mwaitu," maana ndivyo alivyomwita siku zote, mama yetu, "walipokuuliza mimi ni nani kwako, uliwajibuje?"

"Niliwaambia iweto."

"Mimi nilidhani utasema mwanangu."

Jumapili Syombua akabatizwa mtoni. Alitoka majini akitetemeka, wenzake wakamfunika leso huku wakiimba. Alifurahi, tena kweli. Furaha ile ilimsindikiza hadi mlangoni pake, ikaishia hapo. Jioni akasonga ugali wa watu wanne kwa mazoea, akaula peke yake siku mbili.

Mwaka wa pili Mulinge alihamishwa, akaja mchungaji mwingine, Mbaluka. Syombua alipomsimulia habari zake, mchungaji alishangaa. Mbona hakuambiwa abaki na Mutindi kama binti, na watoto kama wajukuu? Yeye alikuwa amewabatiza wengi wa namna hiyo. Aliyasema kwa wepesi, hakuona jinsi mama yule alivyoshika ukingo wa benchi.

Kesho yake Syombua alikwenda Mbumbuni. Mutindi alikuwa akiishi nyuma ya duka la kaka yake, Kivuva, akishona sare za shule. Kavindu alimwamkia vizuri, kama anavyoamkiwa mgeni. Nthiwa mdogo alikuwa shuleni, na huko alikuwa ameandikishwa kwa jina la mjomba.

Mutindi alimwekea chai akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikusamehe zamani, Mwaitu," akasema. "Ila kurudi, hapana. Hawa watoto walikulilia miezi mitatu. Sasa akija mchungaji wa tatu na neno lake, nitawaambia nini?"

Syombua alitaka kuapa kwamba halitatokea tena. Akakumbuka zile siku tatu za kufunga, jinsi alivyoomba kwa moyo wote, na alivyoamua baada ya hapo. Hakuapa. Alikunywa chai ile mpaka ikaisha, akaomba ruhusa ya kuja tena siku za sikukuu. Mutindi akamkubalia.

Mpaka leo Syombua hakosi kanisani. Wanaposimama watu kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyowaongoza, yeye hubaki ameketi, na hakuna aliyewahi kumwuliza sababu.