Emu Mbili

"Bado?" aliuliza mkewe kutoka kwenye cherehani.

"Bado," alijibu Nukta, akaipiga kompyuta ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayempiga mgongoni mtoto aliyepaliwa. Haikukohoa.

Nukta lilikuwa jina la kazini. Kiwandani alikosahihisha vitabu kabla havijachapwa, hakuna nukta iliyowahi kumponyoka, mpaka macho yake yalipoingia ukungu, kisha yakazima kabisa. Walimuaga kwa hotuba tamu na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa kipofu. Baadaye mpwa wake, fundi wa kompyuta, akamletea hii kompyuta kuukuu, akaitia mfumo huria na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini.

"Huria maana yake hauna mwenyewe, mjomba," mpwa alieleza. "Yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutengeneza."

"Na kitu kisicho na mwenyewe kikiharibika, tumlilie nani?" mke alidakia, wakacheka wote.

Leo hakukuwa na wa kucheka. Mpwa alikuwa safarini, simu yake haipatikani. Mhariri naye alikuwa amesema bila kuficha: kitabu cha hadithi cha watoto wa shule kimfikie leo kabla ofisi haijafungwa, la sivyo atampa mtu mwingine, na asitarajie kingine. Kilikuwa kitabu cha kwanza Nukta alichoaminiwa tangu apofuke. Hakulala vizuri tangu akipokee, kwa furaha.

Asubuhi ile waya wa hedifoni ulikatika. Hakushtuka, maana kompyuta ina spika zake. Akachomoa hedifoni, kimya. Akapandisha sauti, kimya. Akaizima na kuiwasha upya, kimya kilekile. Kipofu na kompyuta bubu: nani amweleze mwenzake tatizo liko wapi?

Macho pekee mle ndani yalikuwa ya mkewe, na kuyaomba ilikuwa shughuli nyingine.

Mwanzoni, kabla Nukta hajaizoea kompyuta, mkewe ndiye aliyemsomea. Alisoma vizuri mno, na balaa ilitokea hapohapo, kwa sababu palipoandikwa "shuelni" ulimi wake ulisema "shuleni" bila mwenyewe kujua. Kurasa za majaribio zilirudi kutoka kwa mhariri zikiwa zimejaa makosa, na Nukta, kwa aibu iliyomkaba, akamtamkia maneno ambayo mtu hamtamkii mkewe: "Wewe unasoma kisichoandikwa. Afadhali mashine."

Mama wa watu hakubisha. Ila tangu siku ile kila alichoulizwa alikijibu kwa kuguna. Chai ipo? Mm. Umekasirika? Mm. Nukta akavaa hedifoni zake, na nyumba ikapoa.

Sasa maji yalikuwa shingoni.

"Mama watoto, naomba unisaidie macho."

Cherehani ikanyamaza. Alisikia hatua zake, kisha harufu ya mafuta ya cherehani ikasimama begani kwake. Vidole vya Nukta vikatafuta vitufe, vikafungua dirisha la amri, vikaandika ile amri aliyokaririshwa na mpwa herufi kwa herufi.

"Unaona nini?"

"Naona nguzo zimepangwa safu. Nyingine zimejaa rangi mpaka juu, nyingine zimejaa nusu."

"Chini ya kila nguzo pana alama, halafu jina. Soma kilichoandikwa, usije uka..." Akajiuma ulimi.

"Ninasoma kilichoandikwa," alisema mkewe, na baridi ya sauti ile ingeweza kugandisha maji. "Ya kwanza ni sifuri, sifuri."

"Hiyo haina neno. Nasogea kulia."

"Hii jina lake refu, linaanza na 'hedi'. Sifuri, sifuri."

"Hedifoni hizo. Inayofuata?"

"Spe-a-ker."

"Spika! Hiyohiyo! Juu ya jina pameandikwaje?"

"Mm."

"Nauliza pameandikwaje?"

"Mm."

"Mama watoto, si leo. Ninunie kesho, ninunie mwezi mzima, lakini leo nakuomba..."

"Nimeshakwambia, mm!"

Akapiga meza. "Kama hutaki kunisaidia, sema hutaki!"

"Pameandikwa mm!" Sasa mkewe naye alipiga kelele. "Emu na emu! Emu mbili zimekaa pamoja! Unataka nizisomeje, niziongezee a ziwe mama?"

Emu mbili. Mpwa alikuwa amemweleza: penye sifuri pako wazi, penye emu pamefungwa mdomo. Spika zilikuwa zimefungwa tangu siku alipoanza kuvaa hedifoni, na hakuna aliyejua. Na yeye, bingwa wa kunasa makosa, alikuwa amesomewa herufi zilezile zilizopo, akasikia kitu kingine kabisa. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Umesoma sawasawa," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyesikia kisichosemwa. Na yale maneno ya siku ile, nilikuumiza."

"Uliniumiza," alisema mkewe. "Sana."

"Nisamehe."

Alimsikia akivuta pumzi ndefu. "Haya. Nibonyeze wapi?"

"Emu hiyohiyo. Bonyeza wewe."

Kitufe kikalia, na sauti ikalipuka chumbani, kavu, ya kiume, ikikanyaga kila silabi kwa uzito mmoja. Mkewe hakuwa ameisikia hata siku moja.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Huyu! Huyu ndiye aliye afadhali kuliko mimi?"

"Kwa makosa tu," alijitetea Nukta. "Makosa anayasoma vizuri."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na Nukta, aliyekwishasahau kicheko kile kinavyokwaruza mwishoni, akajikuta anafuta machozi.

Akarudi kwenye kitabu.

"Jogoo akawika mra ya pili," ilisoma sauti.

"Mara!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Nukta akarekebisha. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa pili. Alilihisi kwenye shavu.

"Zimebaki kurasa nyingi?" aliuliza mkewe.

"Nyingi."

Alisubiri cherehani ianze kunguruma. Badala yake alisikia miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni, ikija upande wake. Akaisogeza kompyuta kidogo, ikakaa kati yao, akabonyeza mstari unaofuata.