Fundo la Kitenge

Laurentine alinyimwa kupita na maji yake kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo, na safari ya Japani ikaanza kwenda mrama kabla hata hajaiona ndege. Yalikuwa maji ya bomba, ya jikoni kwake mtaa wa Lower West Side, ameyatia kwenye chupa ya soda aliyoiosha vizuri na kuifungia katikati ya nguo. Afisa akamwambia maji hayapiti. Laurentine, ambaye kazini kwake hushinda akiwabembeleza wazee wanywe dawa wasizozitaka, hakubishana naye. Alifungua chupa, akayanywa yote palepale hadi tone la mwisho, akamkabidhi afisa chupa tupu. Alijiambia kwamba maji yaliyo tumboni nayo yanasafiri.

Msimcheke. Maji yale yalikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilimnyima usingizi tangu mwezi wa tatu.

Kwetu, mama hamvulii mtoto wake nguo. Mama akikasirishwa mpaka akashika kitenge chake na kukifungua mbele ya mtoto aliyemzaa, amemlaani, na hakuna laana inayoizidi hiyo. Huko Bukavu hata wahuni wa sokoni, mama mzima akishika fundo la kitenge, hutimua mbio bila kuuliza kosa ni la nani. Sasa, miaka michache nyuma, binti yake Laurentine, Précieuse, aliingia jikoni na kumwambia mama yake kwamba amejiunga na jeshi la wanamaji la Amerika. Alikuwa na picha kwenye simu, amevaa sare, anatabasamu. Baba yake Précieuse alichukuliwa nyumbani na watu wenye sare na hakuonekana tena. Laurentine aliitazama picha ile, na mkono wake ukashuka wenyewe kiunoni, ukashika fundo.

"Ukitoka humu na ile nguo," alisema, "nitafungua."

Hakufungua. Lakini mtoto aliuona mkono. Aliutazama kidogo, akabeba begi lake, akatoka. Tangu siku hiyo walikuwa wakizungumza kwenye simu kama watu waliokutana kituo cha basi: baridi ikoje, kanisani hamjambo, chakula cha huko kikoje. Hasira hasara, wahenga walishasema, na Laurentine alikuwa akiilipa kidogo kidogo kila Jumapili.

Mwezi wa tatu dada yake mkubwa, Florida, alipiga simu kutoka Louisville. Précieuse alikuwa na mimba, na mimba ilikuwa imetoka. Alikuwa amemwambia mama yake mkubwa. Mama yake mzazi hakumwambia. Laurentine alikaa kwenye ngazi za nje na simu mkononi, na hakujua ni lipi linalomuuma zaidi, mjukuu aliyekwenda au habari kupitia mlango wa jirani.

Basi kikafanyika kikao cha ukoo kwenye simu, kama vinavyofanyika siku hizi: Florida Louisville, Laurentine Buffalo, na mdogo wao Birindwa huko Hilliard, pembeni mwa Columbus, akiwa mapumzikoni kwenye ghala anakofanya kazi, sauti za mashine nyuma yake.

"Fundo halikufunguka," alisema Birindwa. "Donc, basi, laana haikutoka. Yaya, dada yangu mkubwa, usijisumbue na kitu ambacho hakiko."

"Mukono ulifika," alisema Florida. "Wewe mwanaume unajua nini ya fundo?"

"Mchungaji wa kanisa lako alisema nini?" aliuliza Birindwa.

"Mchungaji alisema damu ya Yesu ilishavunja yote," alijibu Laurentine. "Na mimi nikasema amina."

"Bon. Basi?"

"Basi nikarudi nyumbani, na kitu kikabakia palepale."

Florida ndiye aliyekata shauri, maana ndiye mkubwa. Maneno ya mama huondolewa na mama mwenyewe. Achukue maji ya nyumbani kwake, ayatie mdomoni, ampulizie mtoto kifuani, aseme waziwazi kwamba anayarudisha yale aliyoyasema. Yasiwe maji ya dukani. Kwa bahati, au tuseme kwa majibu ya maombi, wiki hiyohiyo Précieuse alituma tiketi na ujumbe wa maneno mawili: Mama, njoo.

Précieuse alikuwa akiishi Sasebo, karibu na kambi ya wanamaji. Mume wake, mwanamaji mwenzake, alikuwa melini. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, na kimya. Mama na binti walikula wali, wakaulizana habari za Florida na za Birindwa, wakaosha vyombo pamoja. Laurentine alitazama bomba la jikoni pale akawaza kama maji ya nyumba ya mtoto yangehesabika. Hakuthubutu kuuliza. Hata kusema alichojia hakusema.

Asubuhi Précieuse alimwambia wapande gari, kuna mahali anataka kumwonyesha, mji wa Beppu. Barabarani alieleza kwamba huko ardhi inachemka, kuna madimbwi ya maji moto yenye rangi, na watu hutoka dunia nzima kuja kuyatazama.

"Maji moto ninayajua," alisema Laurentine. "Yako kwetu Katana. Tulikuwa tunapikia ndizi."

"Haya yana rangi, Mama."

Na kweli yalikuwa na rangi. Dimbwi la kwanza lilikuwa la buluu, buluu ya kupendeza inayomdanganya mtu aingize mkono, na mvuke ukipanda juu yake mzito. Kikapu cha mayai kilikuwa kimeteremshwa majini kwa mti mrefu, yanachemka. Watu walipiga picha, wakanunua mayai, wakayamenya. Laurentine alikula moja akasema chumvi imepungua. Kisha akaona kibao chenye maandishi ya Kiingereza, akayasoma taratibu, akarudia.

"Précieuse. Hapa wanaandika jehanamu?"

"Ndiyo. Kila dimbwi wanaliita jehanamu. Zamani watu waliogopa, maji yalikuwa yanatoka yenyewe chini, yanaunguza. Sasa ni utalii."

"Umeniita kutoka Buffalo kuja kunionyesha jehanamu."

"Wanauza na aiskrimu, Mama."

Laurentine alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na binti yake akacheka pia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya jikoni. Wakanunua aiskrimu. Wakala wamesimama kwenye mvuke unaonuka mayai.

Dimbwi jingine lilikuwa jekundu. Rangi ile Laurentine aliijua, ni ya udongo wa nyumbani mvua ikishanyesha, lakini kibao kilisema ni jehanamu ya damu, na alipokwisha kukisoma aiskrimu ilimshinda. Alisimama kwenye uzio. Précieuse alisimama kando yake, mikono mfukoni.

"Mama mukubwa alikuambia," alisema Précieuse.

"Aliniambia."

"Nilitaka kukupigia wewe. Nilishika simu. Halafu nikaona mkono wako."

Basi mtoto hakusahau. Siku zote hizi za baridi ikoje na chakula kikoje, mkono ule ulikuwa katikati yao, na kila mmoja akijifanya hauoni. Laurentine alifungua mdomo aseme kuhusu maji, chupa, afisa wa Buffalo, akashindwa kupata pa kuanzia.

"Twende," alisema Précieuse. "Kuna mahali pamoja bado."

Palikuwa nyumba ya mbao kwenye kilima, na mzee wa kike mlangoni akainama, akawapa taulo, akawaelekeza kwenye chumba. Ndani kulikuwa na makapu ya kuwekea nguo, na nyuma ya mlango wa kusukuma, bwawa dogo la mawe, maji yake meupe kama uji. Hapakuwa na mtu mwingine. Précieuse alifunga mlango, akavua viatu, akavua koti.

"Hapa watu wanaogaje?" aliuliza Laurentine, ingawa makapu yalikwisha kumjibu.

"Bila nguo."

"Pamoja?"

"Mimi na wewe tu. Nimelipia chumba cha peke yetu."

Laurentine alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mikono yake ilijifumba kifuani, mbali na kiuno. Alisema polepole, kama anavyosema na mgonjwa aliyeamka bila kujua yuko wapi. "Précieuse, mwanangu. Unajua unaniomba nini? Ulikuja Amerika mutoto mudogo, labda hawakukufundisha. Mama havui mbele ya mutoto. Nimekuja huku juu ya ile maneno. Nilibeba maji, wakayakataa. Mimi nimekuja kuondoa, na wewe unaniambia nimalize?"

"Najua, Mama. Nilijua na ile siku. Mama mukubwa alinieleza yote tukiwa kambi ya wakimbizi, nikiwa na miaka saba, na nikaogopa mpaka nikakojoa kitandani." Précieuse aliketi kwenye kigoda, miguu pekupeku. Aliendelea kwa Kiingereza, halafu akaacha, akarudi kwenye Kiswahili, akitafuta maneno. "Mtoto alipotoka, daktari aliniambia ni kitu kinatokea tu, sikufanya kosa. Nikaamini. Usiku nikilala naona mkono wako. Siwezi kuutoa. Sasa hapa mama na binti wanakuja, wanavua, wanaosha mgongo, wanakunywa maziwa, wanarudi nyumbani. Kila siku. Nimewaona. Hakuna mtu anayelaaniwa. Nataka na mimi nione umefungua, na hakuna kitu kimetokea. Niwe na kitu kingine cha kukumbuka."

Laurentine alimkumbuka Mchungaji na amina yake. Alimkumbuka Florida, ambaye angesikia hili angezimia katikati ya Louisville. Alimtazama binti yake aliyekaa pale amekunja mabega, mwanajeshi mzima, anamsubiri. Na akaona aibu, aibu kubwa, si ya mwili. Alikuwa amevuka dunia na mdomo uliojaa desturi, wala hakuwa amemuuliza mtoto anaumwa wapi.

Alisogea mpaka mbele ya kigoda. Akainua mikono yote miwili juu, akaiweka kichwani.

"Fungua wewe," alisema. "Mikono yangu ilikosa mara moja. Sitaki iguse tena."

Précieuse akanyoosha vidole. Laurentine alikuwa amelifunga lile fundo mara mbili asubuhi, kama kawaida ya mtu anayesafiri, na lilikuwa gumu, na binti alihangaika nalo huku analia na kufuta pua kwa bega. Kitenge kilianguka. Kilianguka tu, kikalala sakafuni. Mzee wa kike alisikika kwa mbali akifagia ukumbi.

Majini, weupe ule uliwaficha hadi shingoni. Laurentine alikinga maji kwa viganja, akayatia mdomoni. Yalikuwa machungu, yana ladha ya kiberiti. Akampulizia binti yake kifuani.

"Niliyosema nayarudisha," alisema. "Nimeyameza mimi. Nenda na nguo yako ile, rudi nayo muzima. Uzae. Na usipozaa, wewe ni mwanangu, umetosha."

Précieuse alilaza kichwa begani kwa mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa shule ya msingi. Walikaa hivyo mpaka vidole vikakunjamana.

Jioni, wakiwa wamerudi Sasebo, simu iliita kwa video, Louisville na Hilliard pamoja. Florida hakusalimia.

"Umefanya?"

"Nimefanya."

"Na maji ya nyumbani kwako?"

"Waliyakataa Buffalo. Nilitumia ya huku, ya motoni."

Florida akauliza mengine, na Laurentine akaeleza yote bila kuficha, kigoda, mikono kichwani, fundo.

"Laurentine," alisema Florida, "tangu nizaliwe sijasikia mutoto anafungulia mama yake kitenge. Kwetu desturi ya vile haiko."

"Sasa iko, yaya," alisema Laurentine, akageuza simu ili Florida amwone Précieuse, aliyekuwa amelala kwenye kochi, amejifunika kitenge cha mama yake.