Mtu wa Nyumba ya Kinyanjui

Mzee Kinyanjui alikuwa amesimama kanisani, mbele ya mkewe na waumini wote, akaahidi kwamba ataendesha baiskeli kutoka ukumbi wa Kaloleni hadi Umoja na kurudi, ili vijiji vya Bangladeshi vilivyokumbwa na mafuriko vichimbiwe visima vya maji safi. Wenzake wa karakana ya reli wakaahidi kumchangia, kila mmoja kwa kadiri yake, kwa sharti moja tu: safari ikamilike kabla ya kengele ya saa tisa. Kisha, siku chache kabla ya Jumamosi yenyewe, Kinyanjui akateleza kwenye bomba la mtaa, ndoo mkononi, akavunjika mguu.

Ndivyo Maalim Abdurahim, mwadhini aliyekwisha kuvuka miaka sitini, alivyojikuta baada ya sala ya adhuhuri amesimama katikati ya vijana wa kanisa walioahidi safari hiyo hiyo, kofia ya viua kichwani, suruali imebanwa vifundoni kwa vipande vya uzi, ameishika baiskeli yake nzito yenye breki za vyuma. Hakuombwa na mtu. Alikwenda kumjulia hali jirani yake, akamkuta ameugeuzia uso ukuta, akamwambia, "Neno lako halijavunjika mguu. Nipe mimi nilipeleke."

Lakini Kimeu, katibu wa kamati, alikuwa mtu wa kufuata kanuni mpaka mwisho wake.

"Maalim, nakuheshimu," alisema. "Ila tuliandika hivi: aliyeahidi akiugua, nafasi yake ishikwe na mtu wa nyumba yake. Wanawe wote wako mbali. Je, wewe ni mtu wa nyumba ya Kinyanjui?"

Tangu ujana wake Abdurahim hakuwahi kusema uongo ili jambo limnyokee, na hakutaka kuanzia siku ile, mbele ya kanisa zima.

Wacera, mke wa Kinyanjui, ndiye aliyejibu. "Bwana Kimeu, unaujua ua wa miiba ya kayaba ulio kati ya nyumba zetu?"

"Naujua."

"Una pengo. Halikukatwa na panga, lilitobolewa na miguu ya watu kupita. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, Waridi, mke wa huyu, alipita hapo akampokea kwa mikono yake. Idi ikifika, sufuria yangu kubwa hulala kwao. Maalim akikohoa, naamka mimi. Sasa wewe uliyesoma hebu nionyeshe, nyumba yangu inaishia wapi?"

Watu wakacheka, na Kimeu naye akacheka, akaandika jina. Hata hivyo hakumwacha bila onyo: "Baiskeli yako isiguswe na mtu mwingine mpaka ivuke mstari. Mtu wa nyumba tu."

Mchungaji akaomba. Abdurahim akasoma Fatiha yake kimoyomoyo. Kijana mmoja aitwaye Irungu, mwenye baiskeli nyembamba ya mashindano, akamtazama toka juu hadi chini.

"Mzee, hiyo chuma ilipigana vita vya Kaiza?"

"Ilishinda," Abdurahim akajibu.

Wakaondoka. Vijana wakatoweka katika barabara ya Jogoo kama ndege waliofunguliwa tunduni, na mzee akabaki na pumzi zake na mlio wa kiti. Hakujali. Wenye maduka waliomzoea kwa sauti, wasiomjua kwa mbio, walitoka vibarazani. Mama mmoja akauliza kwa mshangao, "Maalim, wakimbilia wapi?" naye akajibu bila kusimama, "Namkimbilia Kinyanjui!" Kila alipolitamka jina lile miguu yake ikapata nguvu, maana aliona anabeba kitu cha thamani, na hakuna aliyemlazimisha kukibeba.

Kabla hajafika Umoja, Irungu alikuwa tayari anarudi. "Songa mbele, mzee! Umoja bado ipo, haijahama!"

Alipofika, binti wa kanisa alimfungia utepe wa kijani mkononi, ushahidi wa kufika, akampa kikombe cha maji. Wengine walikunywa wakiwa wanakwenda, wakajimwagia vifuani. Abdurahim alishuka, akachutama kando ya barabara, akataja jina la Mola wake, akanywa kwa mafunda matatu kama alivyofundishwa utotoni. Yalikuwa maji baridi, safi, yasiyo na harufu. Akakumbuka wanaoyakosa. Akamrudishia binti kikombe kwa mikono miwili.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Karibu na Makadara, kwenye mwinuko, cheni ilikatika. Ilianguka barabarani kama nyoka aliyepigwa, na hakukuwa na muda wa kumtafuta fundi. Akaiokota, akaivika shingoni mwa usukani, akaanza kusukuma.

Irungu na wenzake wawili, waliokwisha kumaliza, walirudi kumtafuta. Irungu hakuwa na mzaha tena.

"Maalim, panda nyuma yangu. Hawa wataibeba yako."

"Isiguswe, mwanangu."

"Nani anatuona hapa?"

"Tunaonekana," alisema Abdurahim, na hakueleza zaidi.

Basi vijana wale wakapunguza mwendo, wakamfuata taratibu, mmoja mbele na wawili nyuma, wakiwapungia wenye magari mkono wasimsogelee. Kwa namna hiyo aliingia Kaloleni, shati limeganda mgongoni. Ukumbi ulikuwa unaonekana. Mstari wa chokaa ulikuwa unaonekana. Kimeu alikuwa amesimama na kengele mkononi, akitazama saa yake kwa uso wa mtu anayetamani imdanganye. Hapo miguu ya Abdurahim ikagoma. Alisukuma, baiskeli haikwenda, aliegemea, ikamwegemea.

Ndipo umati ulipopasuka, akatokea Kinyanjui juu ya magongo yake, mguu mweupe wa plasta ukining'inia. Akaja mpaka nyuma ya baiskeli, akalitupa gongo moja, akaweka mkono kwenye keria.

"Kinyanjui, rudi," Kimeu akasema. "Haiguswi."

"Haiguswi na nani?"

"Na asiye mtu wa nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Kimeu akamtazama Wacera, akasogea kando ya mstari. Wacera alikuwa ameshika usukani upande mmoja, na Waridi, buibui limepandishwa hadi vifundoni, upande wa pili.

"Sukuma, Maalim," Waridi alimwambia mumewe. "Usitake kubembelezwa mbele za watu."

Walivuka mstari wote wanne kwa pamoja, hatua za gongo na hatua za mtu zikifuatana, ndipo kengele ikalia. Vigelegele vya kina mama vikaifunika.

Wafanyakazi wa reli wakamzunguka Kinyanjui kumpa mkono. "Nimemaliza," aliwaambia, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Mmeona wenyewe. Nimemaliza."

Abdurahim, aliyeketi chini akihema, aliyasikia maneno yale, wala hakuona ndani yake neno la kusahihisha. Alikuwa ameinua kichwa kama mtu aliyetangaziwa ushindi kwa jina lake mwenyewe.

Kisha akalitazama jua, akashtuka. Alasiri ilikuwa inakaribia na msikiti haukuwa na mwadhini. Irungu alikwisha kuigeuza baiskeli yake, amekaa kwenye chuma cha katikati, ameupangusa ule mto mwembamba wa kukalia kwa kiganja.

"Kaa hapa, Maalim," alisema. "Hii haikupigana vita, lakini itakufikisha."