Saa Iliyoikataa Simu ya Kaka

Kaka yangu aliingia kibandani kwangu ananukia marashi, hata salamu hana, akaitupa saa mezani juu ya bisibisi zangu.

"Fundi, hii kitu inanitoa roho tangu juzi. Simu haiioni kabisa."

Mkanda ulikuwa mpya, mwekundu. Lakini nilipoigeuza saa, mgongoni palikuwa pameganda jasho, ngozi iliyokufa na mafuta ya kuchua. Nikaona kinyaa. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikasugua.

"Umeipata wapi?"

"Kwa jamaa mmoja. Mtumba."

Nikazima bluetooth ya simu yake, nikaiwasha. Nikaipa programu ya saa ruhusa zote ilizoomba. Nikazima saa yenyewe, nikaiwasha tena. Kwenye orodha ikatokea spika ya jirani, ikatokea televisheni ya kinyozi, saa, hakuna. Saa za aina hii hushikana na simu moja tu. Usipoiachisha na ile ya kwanza, ya pili haiioni ng'o. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya saa nione imeshikana na nani.

Kioo kikaandika: Simu ya Mama.

Jina hilo niliandika mimi. Nilimnunulia mama saa ile moyo ulipoanza kumsumbua, mapigo yakienda mbio nipate taarifa. Wiki tatu nyuma ikapotea. Nikamfukuza Mama Pacha, aliyemtunza mama miaka sita. Nilimpekua mbele ya majirani, nikamwaga nguo zake za ndani sakafuni. Kaka ndiye aliyenishikia mkoba wake nikiupekua.

"Ulimvua mama mkononi?"

Akacheka. "Si alikuwa amelala? Kwanza hata kuisoma hajui. Ofisini tunashindana hatua za kutembea, kila mtu ana yake. Usikuze mambo."

"Na Mama Pacha?"

"Aa, yule angeondoka tu siku moja."

Nikatazama vidole vyake, safi, kucha zimekatwa vizuri, vikanitia kinyaa kuliko ile pamba. Nikatia saa mfukoni, nikamsukumia simu yake.

"Toka."

"Dada, acha utoto..."

"Toka, kabla sijakuita jina ambalo mama hakukupa."

Nilifunga kibanda mchana huohuo. Nikamvisha mama saa yake. Ilishikana na simu palepale. Kisha nikaenda kwa Mama Pacha. Alikuwa uani anafua. Nikamweleza yote, sikujificha nyuma ya kaka.

Hakuinua kichwa.

"Nimekusikia," alisema. "Ulipozimwaga nguo zangu, mama yako alikuwa analia. Wewe hukumwona."

Akakamua shati, akalianika, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilisimama pale mikono ikininuka spiriti, nikijichukia.