Mama Mkwe Ndani ya Nyigu

Mwalimu alivunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za ofisi yake mwenyewe, ngazi mbili tu, akiwa amegeuka nyuma kumkaripia mwanafunzi aliyesahau kuvuta breki ya mkono. Gari halikwenda popote. Yeye ndiye aliyekwenda.

Alikuwa amefundisha udereva kwa miaka ishirini na sita, na nusu ya mji ilimjua kwa jina la Mwalimu Breki. Gari la shule yake lilikuwa na pedali ya pili ya breki, upande wa anayefundisha, na mguu wake haukukaa mbali nayo hata siku moja. Sasa daktari alimfunga plasta mguu wa kushoto mpaka karibu na goti, akamwambia akae nyumbani wiki sita.

"Wiki sita!" alisema Mwalimu. "Nitamgombeza nani?"

Jibu likawa mkwewe. Binti yake wa pekee alikuwa mpima ardhi, na kazi ilimweka mashambani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Mume wa binti alikuwa mfamasia wa zamu ya asubuhi. Ikifika saa nane mchana yuko huru. Ikakubalika kwamba yeye ndiye atakayepita kila alasiri, apashe chakula moto na ahakikishe mgonjwa hatembei tembei.

Mpango ulikuwa mzuri, ila wawili hao walikuwa na jambo lao. Kabla ya kuwa mkwe, kijana yule alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Alifundishwa miezi minne, akafanya mtihani wa barabarani mara tatu, akaanguka mara tatu. Ile ya mwisho aliangusha koni nne na kibao cha "Simama". Leseni hakuipata, aliambulia mke. Tangu hapo mkewe ndiye aliyeendesha kigari chao cheupe, yeye akikaa pembeni amepakata mkoba, na watani wa mtaani walikwisha kumbandika jina: Abiria. Mama mkwe na mkwe hawakuligusia suala hilo kamwe. Walizungumza hali ya hewa, halafu afya, halafu hali ya hewa tena.

Kufikia siku ya nne hali ya hewa ilikuwa imewaishia.

"Mama," mkwe alisema akiangalia zulia, "nyumbani nina mashine ya gemu. Nikuletee? Angalau upitishe wakati."

"Gemu ya nini?"

"Ya magari."

"Ilete," akasema Mwalimu.

Kesho yake akaja na sanduku. Akaunganisha mashine na runinga, akaufunga usukani kwenye ukingo wa meza kwa skrubu, akaweka sakafuni kibao chenye pedali mbili. Mwalimu alizihesabu zile pedali kwa jicho la kazi.

"Klachi iko wapi?"

"Haina, mama. Gia ziko nyuma ya usukani, unavuta kwa vidole."

"Basi mguu wangu mzima unatosha," akasema, akasogeza kiti.

Magari ya kuchagua yalikuwa mamia. Mkwe alipitisha moja moja kwenye kioo cha runinga mpaka akasimama, bila kukusudia, mbele ya gari moja la Kiitalia la rangi ya manjano, lenye mbavu nyeusi, bapa kana kwamba kuna mtu mnene amelikalia.

"Huyu namwita Nyigu," akasema, na tangu aoe, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea dakika kumi mfululizo bila kusema "samahani mama". Alieleza kwamba injini ya Nyigu ina silinda kumi na imekaa nyuma ya kiti cha dereva. Kwamba anafika mwendo wa mia kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwamba kwenye njia iliyonyooka hakuna wa kumshika, lakini kona za kubana zinamtaka mtu mwenye akili zake. Alikuwa na gemu tatu, na Nyigu huyo huyo alikuwa na tabia tatu. Katika gemu ya kwanza alishika barabara kama amegundishwa, hata mtoto angemwendesha. Katika ya pili aliteleza kama sabuni, maana waliotengeneza walitaka moshi na mbwembwe. Katika ya tatu walipima kila kitu, uzito, upepo, joto la matairi.

"Hapo ndipo ninapompenda zaidi," mkwe akasema. "Hasamehe."

"Uzito uko nyuma," akasema Mwalimu taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Basi ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, makalio yatatangulia."

Mkwe aliinamisha macho haraka.

"Ya gari!" akasema Mwalimu.

Wakacheza ile ya tatu. Mwalimu alitafuta mkanda wa kufunga, akauliza vioo vinarekebishwa wapi, akataka kujua mbona hakuna taa za kuonyesha anapokata. Kisha akaondoka. Alikanyaga breki kabla ya kona, akakanyaga ndani ya kona, akakanyaga tena kona ilipokwisha. Nyigu alizunguka kama pia na kuishia kwenye rundo la matairi, uso umeelekea alikotoka. Magari mengine kumi na tisa yalimpita yakinguruma. Mzunguko mmoja ulimchukua dakika nne na sekunde kumi.

"Tena," akasema.

Chakula kikapoa. Wiki nzima ikawa hivyo: mkwe akibisha hodi anakuta mashine imeshawashwa. Mwalimu alishuka mpaka dakika tatu, mpaka mbili na nusu, akakwama hapo. Alimlaumu Nyigu, akayalaumu matairi, siku moja akalilaumu jua. Mwishowe akauachia usukani.

"Kaa wewe nikuone."

"Mama, haifai nikae mimi nikushinde."

"Kaa!"

Akakaa. Kwenye kioo mvua ilianza kunyesha juu ya barabara ya mashindano, na Mwalimu akajiandaa kumhurumia. Lakini mabega ya mkwe yalishuka. Macho yake hayakutazama pua ya gari, yalitazama mbali, kule gari linakokwenda, jambo ambalo Mwalimu alilipigia kelele miezi minne mizima bila mafanikio. Kabla ya kila kona alikanyaga breki mara moja, mapema, gari likiwa limenyooka. Aliiachia polepole kadiri usukani ulivyokata. Alisubiri. Kisha akampa Nyigu mafuta kidogo kidogo, kama mtu anayempa mtoto mchanga maziwa kwa kijiko, na Nyigu akatoka kwenye kona bila kutikisa mkia.

Dakika moja, sekunde thelathini na tisa.

Hapo ndipo Mwalimu alipogundua kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu chini ya meza. Ulikuwa umekanyaga kila kona. Na kila kona, mkwe alikuwa amekwisha kufunga breki kabla yake.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Hakuna mtu, mama." Kisha kwa haraka: "Yaani, ni wewe. Tazama mbali, breki mapema, mikono iwe laini. Yote ni maneno yako. Ila humu..."

"Sema tu, baba."

"Humu hakuna anayekanyaga kabla yangu."

Mkwe, akiwa ameshaingia mtoni, akaona bora afike ng'ambo. "Kwenye mtihani nilikuwa nausubiri mguu wako, mama. Naziona koni zinakuja, nasubiri. Nikija kukumbuka kwamba haupo, tumeshafika."

Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika plasta kwa mikono miwili, na mkwe, baada ya kuhakikisha ni kicheko kweli, akacheka naye. Lakini mkwe alipoenda jikoni kupasha chakula kwa mara ya pili, Mwalimu alibaki ameutazama mguu wake. Alikuwa akijisifu miaka yote kwamba hajawahi kuruhusu gari la shule ligonge hata ndoo. Hakuwahi kujiuliza ni wanafunzi wangapi walishuka kwenye gari lile bila kujua kusimama wenyewe. Hilo lilimchoma. Alipoletewa sahani alisema, "Plasta ikitoka, wewe na mimi tuna kazi."

Plasta ilitoka Alhamisi. Jumamosi walikwenda watatu na kile kigari cheupe, kisicho na breki ya pili, mpaka uwanja wa maonyesho uliokuwa mtupu. Binti alikaa nyuma. Mwalimu alikaa pembeni mwa dereva, akavua viatu, akampa bintiye avishike, akakunja miguu yote miwili juu ya kiti.

"Mama, ndiyo nini hiyo?" binti akauliza.

"Nimefungwa. Twende."

Mwanzo haukuwa wa kujivunia. Mkwe alitafuta gia nyuma ya usukani, akawasha waipa. Akazima injini mara mbili. Binti alijiziba mdomo kwa kiatu cha mama yake. Lakini raundi ya tano mabega yakashuka, macho yakaenda mbali, na Mwalimu akasema watoke nje ya geti.

Kwenye njia panda ya kwanza lori la mchanga lilikata mbele yao. Vidole vya miguu vya Mwalimu vilijikunja, akauma ncha ya kilemba chake, lakini miguu haikushuka. Kigari kilipunguza mwendo, kikapunguza tena, kikasimama kwa upole hata pochi iliyokuwa juu ya dashibodi haikusogea.

Lori likapita. Mkwe akatazama kushoto, akatazama kulia, akaondoka.

"Mume wangu," binti akasema kutoka nyuma, "mbona umenificha vyote hivi?"

Mtihani wa nne aliufanya Jumanne ya mwezi uliofuata. Mwalimu na bintiye walisubiri kwenye benchi la nje, mmoja akitafuna kucha, mwingine akimkataza huku naye akitafuna zake. Mtahini alishuka kwenye gari, akaandika kitu kwenye karatasi, akaja moja kwa moja kwa Mwalimu, maana walifahamiana.

"Huyu ndiye yule wa kibao?"

"Ndiye."

"Mmempa nini?"

"Tumemwachia," akasema Mwalimu, akainuka kwenda kumkumbatia mkwewe mbele za watu, jambo lililowashangaza wote wawili.

Jumatatu iliyofuata mkwe aliomba ruhusa kazini, akampeleka mkewe mashambani yeye mwenyewe, safari ya saa mbili na nusu. Mama mkwe alisema anakwenda kunyoosha mguu tu, akakaa nyuma kati ya vyombo vya kupimia. Walipofika kwenye vilima, barabara ikianza kupinda, binti aligeuka kumuuliza mama yake kama ana kiu. Mwalimu alikuwa amelala fofofo, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, anakoroma. Binti alimgusa mumewe begani, akamwonyesha kwa kidole. Mkwe alitupa jicho kwenye kioo cha ndani mara moja tu, akapunguza sauti ya redio, akaendelea na kona zake.