Waonjaji wa Waheshimiwa

Mchanganyaji alichovya kidole pipani kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Vuguvugu. Akawamimina bakteria juu ya mahindi yaliyoota ukungu, akakoroga. Wafanyakazi waliwaita bakteria hao waonjaji, maana walikula sumukuvu yote, ile sumu ya ukungu, kabla waheshimiwa hawajakaa mezani. Waheshimiwa ni nguruwe.

“Watunze hao,” msimamizi alisema toka mlangoni, leso puani. Walimwita Marashi; alijipulizia manukato hadi ghala zima likanuka harusi. “Wakifa wao ni hasara. Ukifa wewe ni tangazo la kazi.”

Akacheka peke yake.

Mke wa mchanganyaji alikuwa amekufa tumbo limejaa maji, macho manjano kama kiini cha yai. Daktari alisema ini, akauliza nyumbani wanakula nini. Posho ya kiwandani, mume alijibu. Nayo posho ilikuwa mahindi yenye ukungu uleule, ya ghala la nyuma, ambayo pipani hayakupata nafasi. Na asubuhi hiyo, binti yake aliponawa uso, baba aliyaona tena yale manjano machoni mwake.

“Mkubwa, nina ombi. Posho yangu nayo ipite humu. Gunia moja tu. Binti yangu hali yake si nzuri.”

“Humu?” Marashi aliishusha leso kidogo. “Mzee wangu, dawa hii imeruhusiwa kwa mifugo. Kwa binadamu bado wanachunguza. Mkidhurika, nani atajibu? Mimi ni mtu wa sheria.”

“Na yale ya ghala la nyuma, yameruhusiwa kwa nani?”

Marashi alimtazama kama doa kwenye shati jipya.

“Yale ni zawadi. Zawadi haipimwi.”

Akaenda zake, manukato yakabaki yamesimama pale mlangoni kama bosi wa pili.

Jioni, getini, mlinzi alikifungua kibati cha chakula cha mchanganyaji. Ndani mlikuwa na chenga za mahindi, kavu, safi, zilizokwisha kupita kwa waonjaji.

“Hizi za nani, baba?”

“Za binti yangu.”

“Binti yako ana mkia?”

Foleni ikacheka. Hata waliobeba posho begani walicheka. Mlinzi alizimwaga chenga kwenye ndoo ya kampuni, akakigonga kibati matako isibaki hata punje.

“Kuiba chakula cha mifugo! Nikisema neno, kazi huna. Shukuru nina roho nzuri. Haya, posho yako ile pale, usije ukaisahau.”

Na kweli alikuwa na roho nzuri: alimsaidia kulipandisha gunia begani. Vumbi la kijani likampukutikia mzee shingoni, likaingia kwenye kola.

“Msalimie binti.”

Kisha mlinzi akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kama kibao kilichopigiliwa ukutani kilivyoagiza kila anayegusa mahindi ya ghala la nyuma.