Vikuku vya Katapila

Mdogo wangu alivikataa vizibo vya soda kabla sijamaliza kuvitikisa.

"Hapana, dada. Hivyo vinasikika kama maharage yanamwagwa kwenye sufuria."

"Ni maharage mazuri," nikamjibu.

"Siwezi kuwa naruka kila jirani akipika."

Nikavitupa kwenye debe. Mimi natengeneza hereni, mikufu na bangili kwa vitu ambavyo watu wamevitupa, na kazi hiyo imenipa kiburi kidogo. Sijazoea kuambiwa hapana. Wateja wangu huja, huangalia, huuliza, "Kweli hii ilikuwa bomba la friji?" kisha hununua na kwenda zao. Lakini mteja huyu haangalii. Mdogo wangu haoni tangu utotoni, na safari hii hakutaka kitu cha kupendeza. Alitaka vikuku vya kumfunga mwanawe miguuni, vyenye sauti ambayo hakuna kitu kingine ndani ya nyumba kinaitoa.

Mtoto mwenyewe tulimwita Katapila, kwa sababu akipita mahali hakuna kinachobaki kimesimama. Alipokuwa anatambaa, mama yake alimfuata kwa sauti ya magoti na ya kujisemesha. Sasa alikuwa ameanza kutembea, na mbaya zaidi, alikuwa amejifunza kunyamaza. Siku moja muuza mayai akamkuta nje ya geti, amekaa katikati ya njia anakula mchanga kwa raha zake. Habari zilimfikia mama mkwe wa mdogo wangu hata mchanga haujamtoka mtoto mdomoni. Akapiga simu: Jumapili anakuja kumchukua mjukuu wake, akae naye mpaka apate akili.

"Si kwa ubaya, mwanangu," alisema, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika nilisikia mwenyewe. "Mtoto wa umri huo anataka mtu wa kukaa macho."

Mdogo wangu alipomaliza kuagana naye aliiweka simu mapajani. Halafu akanigeukia.

"Basi mimi nitakaa masikio. Nitengenezee."

Tukaingia kazini kwenye chumba changu cha uani, kati ya meza na madebe yangu ya mabaki. Nilitikisa funguo kuukuu. Akasema, "Huyo ni mume wangu anarudi." Nikagonganisha vijiko nilivyovikata mikia. "Huyo ni mimi naosha vyombo." Shemeji yangu, mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, alituletea kengele nzima ya baiskeli. Tulipomfunga Katapila alipiga hatua moja, akakaa chini kwa uzito, akaanza kuipiga kwa kidole mpaka mtu aliyekuwa anapita nje akasogea pembeni kumpisha.

Mimi si mtu wa subira. Nikapandisha hasira.

"Kwani wewe unataka nini hasa? Nikukamatie ndege?"

"Nataka nikisikia, nijue ni mwanangu," alisema, wala hakuinua sauti. "Wakimchukua sasa, dada, atarudi hanijui."

Hasira yangu, kama kawaida, ikahamia kwenye vyombo. Nikalisukuma debe la gololi za beringi alizonipa shemeji. Zikatawanyika meza nzima, moja ikabiringika hadi ukingoni na kudondokea kwenye bakuli la vitako vya bati vya balbu zilizoungua, ambavyo huwa navisafisha vioo na kuvifanya hereni. Ting.

Mdogo wangu alisimama.

"Nini hicho?"

"Gololi."

"Rudia."

Nikarudia. Nikachukua vitako viwili, nikavikutanisha midomo, gololi ndani, nikatikisa. Ting, ting, ting. Ilikuwa sauti ndogo, safi, yenye makali kidogo, na haikufanana na kijiko wala ufunguo wala kitu chochote cha jikoni. Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, kucha zimenizama.

"Hiyo," akasema. "Dada, hiyo hiyo!"

Sikumbuki kama nilikula siku ile. Niliviunga vitako viwili viwili kwa kulehemu kuzunguka ukingo wote, nikapiga tupa mpaka pasibaki ncha, maana kila kitu cha Katapila mwisho wake ni mdomoni. Nilikata mikanda kwenye kiuno cha suruali ya jinzi iliyochakaa nikavishonea humo kwa uzi wa viatu. Shemeji akapewa koleo na kuambiwa ang'oe akiweza. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akashindwa, na sijawahi kufurahia kushindwa kwa mtu kiasi kile.

Mdogo wangu ndiye aliyeongeza la mwisho.

"Miguu miwili kwa nini ilie sauti moja? Tofautisha."

Kikuku cha kulia nikakitengeneza upya, nikatia ushanga wa kioo mahali pa gololi. Kikasema tak. Tukamvalisha mwenye navyo. Katapila akainua mguu, akauangalia, akainua wa pili, akapasuka kwa kicheko, akaanza kuzunguka chumba akikanyaga kwa nguvu zake zote. Mama yake alikaa kizingitini, ametupa mgongo.

"Anakuja kwako," alisema. Kweli. "Amegeuka. Anakimbia. Amesimama." Kweli, kweli, kweli. Kisha ikaja ting, kimya, halafu tak iliyochelewa. "Anapanda! Dada, anapanda kitu!"

Nikageuka. Goti lilikuwa juu ya kigoda changu na mkono unaelekea kwenye koleo. Nilipiga kigelegele hata mtoto akashtuka akaanza kulia, na sisi tukacheka huku tunambembeleza.

Jumapili mama mkwe alikuja na begi kubwa na uso uliokwisha kuamua. Si mtu mbaya. Anampenda yule mtoto mpaka anasahau kupumua. Akambeba, akambusu kila mahali, akaviona vikuku.

"Makelele gani haya?"

"Ndiyo namchungia, mama," mdogo wangu akasema.

"Makelele hayachungi mtoto, mwanangu."

Nilifungua mdomo. Shemeji akanikanyaga mguu. Nikaufunga.

Mama mkwe alimweka mtoto chini, akafungua begi na kutuonyesha nguo alizomnunulia za kuvaa huko kwake: hii ya kulalia, hii ya kutokea, hii ya baridi. Tulisifu, tungefanya nini? Lakini kila nguo iliyotoka mle ilinikata maini. Mdogo wangu alizipokea moja moja, akazipapasa, akazikunja vizuri.

"Hebu njoo nikupime hii," mama mkwe akasema, ameshika kishati, na hapakuwa na mtu wa kupimwa.

Akaangalia nyuma ya kochi. Mimi nikaangalia chini ya meza. Shemeji akatoka mbio kuelekea getini. "Si alikuwa hapa hapa?" mama mkwe alisema, mara ya kwanza kwa kushangaa, mara ya pili sauti ikitetemeka. "Jamani, si alikuwa hapa hapa miguuni pangu?" Alisimama katikati ya sebule, kishati kinaning'inia mkononi, akamgeukia mtu pekee ambaye hakuwa ameinuka.

"Mwanangu," akasema, "yuko wapi?"

"Chumbani kwetu, mama." Mdogo wangu alikuwa anamalizia kukunja mkono wa sweta. "Amepanda kitandani kwa mguu wa kushoto, sasa amekaa. Ila ametulia mno. Atakuwa na kitu mdomoni."

Mama mkwe alikwenda nusu kukimbia. Alirudi Katapila akiwa kiunoni, na mkono wa pili ameshika kiatu chake mwenyewe, alichokivua mlangoni, kisigino kimelowa mate.

Alikaa, akamtazama mdogo wangu. Ile miguu tu ndiyo iliyosema, ikirusha mateke hewani: ting, tak, ting. Kisha akazivuta zile nguo zilizokunjwa, akazipakata zote. Nikajua anazirudisha begini.

"Hizi," akamuuliza, "zinakaa droo ipi?"

"Ya juu, mama. Ya chini alishaing'oa."

Nilikimbilia jikoni, nikajiziba uso kwa taulo la vyombo, nikapiga kelele za furaha mpaka nikakohoa.